Mvua Moja, Ardhi Tatu: Historia Fupi ya Matairi na Mashindano ya Magari Wakati wa Masika

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wa wanafunzi wa zamani. Nadhani alitazamia habari za kuanzishwa kwa shule, au za walimu wakuu waliopita, au za ile timu ya mpira ambayo kila mmoja wetu hudai kwamba aliichezea. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa na wenzangu wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi nitaandika habari za matairi. Nawaomba wanafunzi wa sasa wasicheke mapema, maana katika habari hizi mna hesabu, mna jiografia, mna historia ya Afrika Mashariki, na mwishoni mna deni langu mwenyewe ambalo nimekaa nalo kwa zaidi ya miaka kumi.

Waliosoma hapa miaka ya 1990 watamkumbuka mzee aliyekuwa dereva wa lori la shule. Hatukumwita kwa jina lake. Tulimwita Mzee Dereva, naye aliitika. Alipokuwa kijana aliishi chini ya milima ya Usambara, na mwaka ambao magari ya mashindano ya Safari yalipita huko, yeye na vijana wenzake walisimama kwenye kilima chenye tope wakiyasukuma yaliyokwama. Tangu siku hiyo, alituambia, alikuwa hatazami gari kwanza. Alikuwa anatazama viatu vyake, yaani matairi.

Mzee huyu alikuwa na usemi wake ambao tuliudhani ni mzaha: “Vijana, mvua ni moja, lakini ardhi ni tatu.” Maana yake ni kwamba mvua ile ile ikinyesha juu ya lami, juu ya udongo mwekundu na juu ya udongo mweusi wa mbugani, huzaa hatari tatu zisizofanana, na tairi linaloweza moja laweza kushindwa kabisa na jingine. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, mpaka chuo kikuu, lakini sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Tairi lilikotoka

Magurudumu ya zamani yalikuwa ya mbao na chuma, baadaye ya mpira mgumu. Mwaka 1845 Robert William Thomson, mtu wa Scotland, alipata hataza ya gurudumu lenye kujazwa upepo, lakini dunia haikumjali, na uvumbuzi wake ukasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akikaa Belfast, aliuvumbua upya alipotaka kuifanya baiskeli ndogo ya mwanawe iende bila kurukaruka. Safari hii haukusahauliwa.

Matairi ya kwanza ya motokaa yalikuwa laini kama yai. Katika nchi kavu hayakuwa na taabu kubwa, ila mvua iliponyesha gari liliteleza ovyo. Ndipo watengenezaji walipoanza kuyachonga meno. Mwaka 1904 kampuni ya Continental ya Ujerumani ilitoa tairi la motokaa lenye meno. Mwaka 1908 Firestone wa Marekani alitoa tairi ambalo meno yake yalikuwa ni herufi zenyewe za maneno ya Kiingereza yenye maana ya “Firestone halitelezi”, zikiwa zimechongwa mshazari kuzunguka tairi zima. Kwa hiyo gari lilipopita topeni liliacha tangazo la biashara nyuma yake.

Mwaka 1923 Mmarekani mmoja, John Sipe, alipewa hataza ya kupasua vijistari vyembamba katika mpira. Inasimuliwa kwamba alikuwa akifanya kazi katika machinjio, na kwa kuchoka kuteleza sakafuni alichanja soli za viatu vyake kwa kisu, akaona vinashika. Tazama tairi lolote lililotengenezwa kwa ajili ya mvua na baridi, nawe utaviona vijistari hivyo mpaka leo. Kisha mwaka 1949 Michelin wa Ufaransa wakaanza kuuza tairi lao lililoitwa X, ambalo nyuzi zake za ndani zilikatiza moja kwa moja kutoka ubavu mpaka ubavu, na juu yake mkawekwa mkanda wa waya za chuma. Tairi la namna hiyo hukanyaga chini kwa uso mpana uliotulia hata gari linapokata kona, nalo ndilo baba wa karibu matairi yote ya magari madogo ya siku hizi.

Ardhi ya kwanza: lami

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya hesabu hii. Chukua tairi lenye upana wa sentimita 20. Weka juu ya lami maji yenye kina cha milimita 3 tu. Endesha kwa kilomita 80 kwa saa, ambazo ni kama mita 22 kwa kila sekunde. Ukizidisha upana kwa kina kwa mwendo, utapata kwamba tairi moja lapaswa kuondoa mbele yake kama lita 13 za maji katika kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20. Kazi ya mifereji iliyo kati ya meno ni kuyapisha maji hayo. Ikiwa tairi limekwisha, limekuwa kipara, maji hayana pa kwenda. Hujikusanya mbele ya tairi, hulinyanyua, na gari huelea kama mtumbwi. Hapo usukani huwa mwepesi mkononi, na dereva mgeni hufurahi, kumbe ameshaachana na barabara.

Rudia hesabu hiyo kwa tairi jembamba la sentimita 14, utapata kama lita 9. Jembamba lina kazi ndogo zaidi.

Mwaka 1963 wataalamu wa Marekani, Horne na Dreher wa shirika la NASA, walitoa maandishi juu ya kuelea huku. Walikuwa wakichunguza matairi ya ndege zinazotua penye maji. Waligundua kwamba, maji yakiwa mengi kuliko mifereji inavyoweza kuyapisha, mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea upepo uliomo ndani yake. Kwa makadirio, tafuta kipeuo cha pili cha upepo kwa kipimo cha paundi kwa inchi mraba, kisha zidisha kwa 16.6, upate kilomita kwa saa. Tairi la paundi 36 litaanza kuelea karibu na kilomita 100 kwa saa. La paundi 25 litaanza karibu na 83. La paundi 16 litaanza karibu na 66. Basi, kwenye lami yenye maji, yule anayepunguza upepo akidhani anajiongezea mshiko, anaweza kuwa anajitengenezea mtumbwi.

Ardhi ya pili na ya tatu

Udongo mwekundu wa milimani una tabia yake. Ukinyeshewa hulainika juu tu, kwa kina cha kidole kimoja au viwili, na chini yake hubaki mgumu. Utelezi wake ni kama wa sabuni iliyopakwa juu ya meza. Hapa tairi pana husimama juu ya sabuni. Jembamba lenye meno makubwa huikata sabuni hiyo mpaka lifike mezani.

Udongo mweusi wa mbugani ni kisa kingine. Huo hauna meza chini. Ukilowa huvimba, hunata, na hujaza mifereji ya tairi mpaka tairi jipya linakuwa kama kipara. Dawa yake ni meno makubwa yaliyo mbalimbali, ili tope lipate nafasi ya kurushwa nje tairi linapozunguka. Na ikiwa udongo ni mwororo kabisa, hapo ndipo kupunguza upepo kunapofaa, maana tairi hujitandaza na uzito wa gari hugawanyika.

Kwa hiyo msomaji anaona ugumu wa jambo lenyewe. Upepo mwingi wafaa lami, upepo kidogo wafaa tope zito. Meno yaliyo karibu karibu yafaa lami, meno yaliyo mbalimbali yafaa mbuga. Wembamba wafaa udongo mwekundu. Na barabara za kwetu zinaweza kukupitisha katika ardhi zote tatu kabla ya chakula cha mchana. Mwenye fedha atabadilisha matairi kila anapofika ardhi nyingine. Asiye na fedha, ambaye ni mshindani wa kujifurahisha tu kama tulivyokuwa sisi, ana matairi manne na moja la akiba. Huyo hapana budi achague asubuhi, kisha aishi na uchaguzi wake mpaka jioni.

Safari ya 1953 na baada yake

Historia ya jambo hili katika Afrika Mashariki ilianza mwishoni mwa Mei 1953. Eric Cecil, mkazi wa Kenya, hakuvutiwa na mashindano ya kuzunguka uwanja ule ule. Yeye na wenzake wakatunga mashindano ya njia ndefu kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa kuwa malkia wa Uingereza alikuwa akitawazwa siku hizo, yakapewa jina la kutawazwa kwake. Magari yalipaswa kuwa yale yale yanayouzwa madukani, na yaligawanywa katika makundi kwa bei, si kwa nguvu za injini. Waliokuwa wakishindana walikuwa watu wenye kazi zao nyingine.

Mwaka 1954 mshindi alikuwa Vic Preston, pamoja na D. P. Marwaha, wakiwa na Volkswagen Beetle. Gari hilo hilo lilishinda tena 1957 na 1962. Wengi walishangaa kigari kama kobe kuyapita magari ya fahari, lakini Mzee Dereva hakushangaa. Injini ya Beetle ilikuwa nyuma, juu ya magurudumu yanayovuta, kwa hiyo uzito ulikuwa pale unapotakiwa. Tumbo lake lilikuwa bapa, likiteleza juu ya tope badala ya kulima. Na matairi yake yalikuwa membamba, yapata sentimita 14, kwenye ringi kubwa za inchi 15. Lilikuwa limevaa viatu vya masika bila mwenyewe kukusudia.

Baadaye mashindano yalihamishiwa wakati wa Pasaka, yaani masika yenyewe, na mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Njia ilifika karibu kilomita 5,000. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kubwa mno: magari 84 yaliondoka, na yaliyorudi ni 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyorudi tena ni 7. La ajabu ni kwamba katika miaka yote miwili walioongoza saba hao walikuwa watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lilikuwa la aina ile ile, Peugeot 404. Mara moja twaweza kuita bahati. Mara mbili hatuna budi kuita ujuzi. Na katikati yao, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, nao pia kwa Peugeot 404. Gari hilo halikuwa la mbio; lilikuwa gari la familia na la teksi, lenye kimo kizuri kutoka chini na magurudumu membamba.

Watu wa Ulaya walikuja na mabingwa wao, na mara nyingi walirudi na tope. Mmoja aliyejifunza upesi alikuwa Erik Carlsson wa Sweden. Mwaka 1964 Saab yake ilinasa topeni, naye na msaidizi wake wakaamua kuibingirisha juu chini kama pipa mpaka penye ardhi ngumu, wakaendelea na safari. Alimaliza wa pili, nyuma ya Peter Hughes wa Kenya.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, alichukua Volvo iliyokwisha kutumika, moja kati ya zile zilizoletwa na kiwanda mwaka uliotangulia zikashindwa. Akaitengeneza, akaingia nayo pamoja na ndugu yake Jaswant. Walipewa namba ya kwanza kuondoka, wakarudi wa kwanza. Kiwanda kilikuwa na fedha, nao walikuwa na gari kuukuu na ujuzi wa barabara za nyumbani. Joginder alishinda tena 1974 na 1976.

Tangu 1953 mpaka 1971, hakuna hata mwaka mmoja ambao mshindi alitoka nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1972 mlolongo huo ulikatika, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda kwa Ford Escort. Tusijidanganye kwamba wageni walipata bahati. Viwanda vilikuwa vimejifunza. Vilileta magari ya huduma njiani, mafundi, na rundo la matairi ya kila namna, na baadaye hata helikopta. Mshindani wa kiwanda hakuhitaji tena kuchagua tairi moja kwa ardhi tatu. Wenyeji waliendelea kushinda baadhi ya miaka. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano kati ya 1973 na 1982. Lakini naye kwa sehemu kubwa alikuwa na viwanda nyuma yake. Siku za mtu na gari lake la dukani zilikuwa zimepita katika mashindano makubwa, na katikati ya miaka ya 1970 Safari yenyewe ikabaki Kenya peke yake.

Ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudishwa 2021 kule Naivasha, na mwaka 2024 ikarudi tena wakati wa Pasaka. Siku hizi kanuni huweka kikomo cha idadi ya matairi, na timu huchagua kati ya mpira laini na mpira mgumu. Hivyo hata mabingwa wa dunia wamerudishwa kwenye swali la Mzee Dereva: wanatazama mawingu ya Bonde la Ufa, kisha wanakuna vichwa.

Usiku mmoja wa 1997

Mwaka 1997, mvua za El Niño zilipokuwa zinabomoa madaraja nchini, kijana mmoja wa kidato cha pili alishikwa na tumbo usiku. Mwalimu wa zamu aliona hali yake si ya kusubiri asubuhi. Sisi wanne wa vidato vya juu tuliambiwa tupande lori tukasaidie kusukuma.

Mzee Dereva alikuwa na matairi mawili ya meno makubwa aliyoyahifadhi stoo, akiyafunika kwa magunia. Tulizoea kumcheka, tukisema anawalaza watoto wake. Jioni ile ile, kabla mtu yeyote hajaugua, alikuwa amekwisha kuyafunga nyuma ya lori, kwa vile tu alikuwa ameona mawingu. Tuliteremka kilima chetu chekundu kwa gia ndogo, naye hakugusa breki hata mara moja. Tulipofika bondeni penye udongo mweusi, alisimama, akatutaka tumulike tochi, akafunga minyororo, akatoa upepo huku akisikiliza mlio wake kama daktari. Tulisukuma mara mbili tu. Tulipofika barabara ya lami nilifikiri sasa atakimbia, maana mgonjwa alikuwa akilia. Alifungua minyororo, kisha akaenda polepole mpaka kituo cha mafuta, akajaza upepo, ndipo akakimbia. Nilimwuliza kwa ukali kwa nini anapoteza muda. Akajibu, “Mwanangu, lami nayo ni ardhi.”

Kijana alipasuliwa usiku ule, akapona. Yumo katika orodha ya watakaohudhuria mkutano huu.

Deni langu

Sasa nifike penye deni. Aprili 2014 mimi na mwenzangu tuliyelala naye bweni moja tuliingia katika mashindano madogo ya klabu huko mkoani. Yeye alikuwa dereva, mimi msoma ramani. Gari lilikuwa lake, Toyota kuukuu aliyoitengeneza jioni baada ya kazi, kwa fedha ambazo mkewe alidhani ni za bati. Tulikuwa na fedha za seti moja ya matairi. Yeye alitaka yale membamba yenye meno makubwa. Mimi nilitaka mapana yaliyotumika, yenye meno mafupi yaliyo karibu karibu, kwa kuwa asubuhi ilikuwa na jua, kipande cha kwanza kilikuwa lami na changarawe kavu, na, niseme kweli, kwa kuwa yalipendeza. Nilimtolea hoja za kisomi. Nilimchorea mpaka mchoro. Mwishowe akasema, “Haya bwana, wewe ndiye mwenye digrii.”

Mpaka saa sita tulikuwa tunaongoza kundi letu. Saa saba mvua ikaja. Kwenye kona ya udongo mwekundu, pembeni ya shamba la mkonge, gari liliacha kumsikiliza. Mbele yetu palikuwa na watoto waliotoka kisimani, wamesimama kutazama. Nakumbuka sikuweza kupiga kelele. Gari lilikwenda ubavu, likaangukia mfereji wa shamba, likakoma. Watoto walikuwa wamekimbia. Ndoo moja ya njano ilikuwa chini ya gurudumu la mbele, imepasuka. Mwenye ndoo, msichana wa kama miaka tisa, alisimama hatua mbili kutoka hapo, akilia kwa ajili ya ndoo.

Tulimlipa ndoo. Waandalizi walipouliza, mwenzangu aliandika katika taarifa kwamba dereva aliingia kona kwa mwendo usiofaa. Nilisoma taarifa ile, nikatia saini chini yake kama shahidi. Hakuna mahali palipotajwa matairi. Mwaka huo huo aliliuza gari, na hajashindana tena. Wenzetu wa darasa wamekuwa wakimtania katika kila mkutano kwamba aliogopa, naye hucheka tu.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, naye amenipa, ingawa alisema mambo hayo yamekwisha. Kwangu hayajaisha. Hakwenda mwendo usiofaa. Alikwenda mwendo ambao matairi aliyoyataka yeye yangeuweza. Niliyemvalisha gari viatu vya kiangazi siku ya masika ni mimi, mtu niliyefundishwa jambo hilo katika lori la shule hii miaka kumi na saba kabla, nikaliona kwa macho yangu, nikalisahau kwa sababu ya jua la asubuhi moja.

Maneno ya mwisho kwa wanafunzi na wenzangu

Wanafunzi wetu, msidhani nawahimiza mkashindane kwa magari. Wengi wenu mtaendesha gari la ofisi, au pikipiki, au mtakaa abiria katika basi usiku wa mvua. Kabla ya masika tazameni meno ya tairi, pimeni upepo, na muulizeni mwenyeji habari za udongo wa mbele. Na mkiwa na elimu kuliko mwenzenu, isiwe sababu ya kumnyamazisha anayeijua barabara.

Nanyi wanafunzi wenzangu wa zamani, katika mkutano wetu uliopita tulizungumza habari ya kununua luninga kwa ajili ya bwalo. Sipingi. Lakini nimekwenda shuleni mwezi uliopita, nikazunguka gari la shule mara mbili. Matairi mawili ya nyuma ni vipara, na ya akiba haliwezi kuitwa tairi. Kilima chetu ni kile kile, na bonde ni lile lile. Naleta pendekezo kwamba mchango wa kwanza wa mwaka huu uwe wa matairi ya masika, yenye meno, yanunuliwe kabla ya mwisho wa Februari na kuhifadhiwa stoo, ikibidi kwa kufunikwa magunia. Mimi nitatoa la kwanza. La pili, kama mkutano utakubali, nitalitoa kwa jina la mwenzangu niliyemtaja, ambaye ni dereva mzuri.